Talaka ya Fishel Kuhani

Rabi Zelig aliponawa mikono mara ya pili, wanaume wote waliokuwa mezani wakainuka, nao wakanawa mara ya pili. Hakuna aliyeuliza. Kwao, mtu akishanawa hafungui mdomo mpaka aonje mkate, kwa hiyo hata aliyetaka kuuliza asingeweza. Walipanga mstari kwenye pipa, wakapokezana kopo la masikio mawili, wakarudi kukaa. Rabi naye akakaa. Akautazama mkate, akaitazama mikono yake, akainuka kwenda kunawa tena.

Hinda, mkewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Maji ya pipa lile yalichotwa Ijumaa na yalikuwa ya Sabato nzima, maana siku hiyo hakuna anayebeba ndoo kutoka kisimani. Alisikia kopo likikwaruza chini ya pipa. Wanaume waliporudi kukaa mara ya tatu, aliingia, akauchukua mkate, akauweka mkononi mwa mumewe na kumshika kiwiko asiinuke. Rabi akasoma baraka bila kukosea hata neno. Mkate ukakatwa, vinywa vikafunguka, na kelele zikaanza.

"Mmeona?" alisema Kopel. Huyu alikuwa mtumishi wa Rabi. Ndiye aliyeshika mlango, na ndiye aliyewaeleza watu Rabi alikuwa na maana gani. "Ya kwanza ni ya mwili. Ya pili ni ya nafsi. Ya tatu ni ya wale waliokufa jangwani bila maji."

"Sasa wewe umejuaje?" mzee mmoja akauliza.

"Kula samaki wako, babu."

Hinda akarudi jikoni. Alichojua yeye ni kwamba mumewe alisahau kuwa amenawa. Hakukuwa na jingine.

Mambo hayo yalianza zaidi ya mwaka nyuma. Kwanza yalikuwa majina. Hinda akamwagiza Kopel awataje watu kwa sauti wanapoingia, akasingizia masikio ya Rabi. Kisha Rabi akaanza kuhubiri hadithi moja mara mbili katika kikao kimoja, na wafuasi wakasema mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya malaika. Siku moja alisali sala ya jioni asubuhi. Wakasema ameigeuza dunia, na yule aliyekuwa na binti mgonjwa akaenda nyumbani akamkuta binti amepona, basi habari ikafika mbali. Kadiri mzee alivyozidi kupotea, ndivyo watu walivyozidi kuja. Majira yale ya baridi mji mdogo wa Zalishka ulijaa magari ya farasi kutoka sehemu ambazo Hinda hakuwahi hata kuzisikia.

Yeye alinyamaza, na alikuwa na sababu. Mirl, kitinda mimba wake, alikuwa amechumbiwa na mjukuu wa Rabi mkuu wa Radovka. Sahani ya uchumba ilikwisha vunjwa, kama desturi yao ya kufunga ahadi, shuka zilikwisha shonwa, harusi ilikuwa baada ya Pasaka. Watu wa Radovka walikuwa wanachukua binti wa Rabi Zelig wa Zalishka. Binti wa mzee aliyepotewa na kumbukumbu hawakuwa na haja naye.

Jumapili akaja Fishel, fundi magurudumu. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mzito wa kusema, na katika wafuasi wote hakuna aliyemwamini Rabi kuliko yeye. Hinda alikuwa akichambua dengu upande wa pili wa ukuta wa mbao, akasikia kila neno.

"Fishel fundi!" Kopel akatangaza.

"Rabi," akasema Fishel, "shemeji yangu wa Berezna ana karakana kubwa, ananiita tufanye kazi pamoja. Niende, au nibaki?"

Kisha Rabi akasema kwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya mtu anayejua anachosema:

"Anshel, mpe mkeo talaka."

"Rabi, mimi ni Fishel."

"Anshel, umesikia. Mpe talaka. Usimguse tena. Wiki hii hii mpe."

Fishel akatoka bila kofia yake. Kopel akatoka nyuma yake ameishika, na kabla hajafika getini alikuwa amekwisha kulielewa jambo lote. Roho ya mtu aitwaye Anshel, aliyekufa zamani na deni la dhambi, imerudi duniani ndani ya Fishel. Lazima iachane na mwanamke huyu ili itakate. Rabi ameiona. Nani mwingine angeiona?

Hinda aliweka sahani ya dengu chini. Alimjua Anshel huyo. Alikuwa mwenye kilabu cha pombe kule Horodok, enzi zile Zelig alipokuwa mwalimu tu wa watoto, hana mfuasi hata mmoja. Anshel alimvunja mkewe mkono kwa mti wa kusukumia unga. Zelig akaenda kilabuni mchana, wakulima wamejaa, akamwambia maneno hayo hayo. Anshel alikuwa na mwili wa ng'ombe, na Zelig alikuwa mwembamba kama ufagio, lakini talaka ilitolewa. Kuanzia siku hiyo watu wakaanza kubisha hodi kwa Zelig.

Kesho yake Trana, mke wa Fishel, akaingia jikoni bila kubisha.

"Mama Mirl, nimekuja kuuliza nimekosa nini."

"Hujakosa kitu. Kaa."

"Sikai. Miaka ishirini namfulia soksi yule mtu. Ana miguu kama dubu. Leo ananiambia eti yeye ni Anshel. Nikamwambia, kama wewe ni Anshel basi mimi sikuolewa na wewe, huna talaka ya kunipa, toka nyumbani kwangu ukaniletee Fishel."

"Akasemaje?"

"Atasema nini? Analia. Analala karakanani kwenye maranda, haniangalii usoni. Angekuwa ananichukia, ningechukua karatasi yangu nikaenda zangu. Ananipenda, mjinga yule! Anasema ataniacha kwa sababu Rabi amesema, halafu anauliza nina kuni za kutosha."

"Mwambie asubiri kidogo."

"Asubiri nini? Alhamisi mwandishi anakaa kuandika hati. Na Fishel ni kuhani, Mama Mirl. Mwanamume mwingine akikosea Alhamisi, Jumapili anamrudia mkewe. Wangu hawezi."

Hinda alijua. Watu wa ukoo wa makuhani hawaoi mwanamke aliyeachwa, hata kama ni wao wenyewe waliomwacha. Hati ikishatua mkononi mwa Trana, hakuna rabi duniani wa kuwarudisha.

Trana akamtazama. "Niambie kweli. Rabi ameona kitu kwangu?"

"Nitazungumza naye," akasema Hinda. Hilo halikuwa jibu, na Trana alilijua. Akafunga kitambaa chake, akaondoka.

Hinda alianza na Kopel. Alimkuta kwenye ukumbi anapanga mabenchi.

"Kopel, Rabi alimchanganya Fishel na mtu mwingine."

"Rabi hachanganyi, Mama. Rabi anaona."

"Kopel, yule mtu alinawa mara tatu kwa sababu alisahau."

Kopel alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mlaghai. Kama angekuwa mlaghai, kazi ya Hinda ingekuwa nyepesi, maana na mlaghai mtu huweza kupatana. "Mama," akasema, "wewe unamfulia mashati. Unamwona mzee. Si kosa lako. Lakini usiyaseme hayo mbele ya watu. Wataumia."

Jioni akamwambia Mirl. Mirl alikuwa anatia herufi kwenye foronya kwa uzi mwekundu, na hakuinua kichwa.

"Subiri mpaka Pasaka ipite, Mama."

"Na Trana?"

"Trana ana miaka arobaini. Ameshaolewa, ameshakaa na mume, amekula raha yake. Mimi bado."

"Mirl!"

"Unataka niseme uongo? Ukifungua mdomo, Radovka watanirudisha kama sufuria iliyotoboka. Nani atanichukua baada ya hapo? Muuza samaki?"

Binti yake alikuwa amesema kweli tupu.

Siku mbili alikaa kimya. Alipika, aliosha, alimvisha mumewe, alimsikia Kopel akieleza habari za Anshel kwa wageni. Habari ilikuwa imekua. Sasa Anshel alikuwa ameua mtu.

Alhamisi asubuhi Rabi aliamka akiwa mzima. Ilikuwa ikitokea hivyo mara moja moja, asubuhi, kabla watu hawajaanza kuja. Aliketi karibu na jiko la matofali, akashika kikombe cha maziwa ya moto kwa mikono miwili, akasema, "Hinda, theluji imefika dirishani. Nani atafagia mlango?" Alimtaja kwa jina lake. Hinda akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Zelig, nisikilize. Jumapili ulimwambia Fishel fundi ampe mkewe talaka."

"Fishel? Kwa nini nimwambie hivyo?"

"Ulimwita Anshel."

Rabi akaweka kikombe chini. Akaitazama mikono yake. "Fishel ni kuhani," akasema.

"Ndiyo."

"Ameshampa?"

"Ni leo."

"Nimefanya haya mara ngapi?"

"Mara nyingi. Mengine hayakuwa na madhara."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Hakumlaumu. Aliinuka akaanza kutafuta koti lake mahali ambapo halikuwapo. "Nipeleke," akasema. "Sasa hivi, kabla sijaondoka tena."

Kutoka nyumbani mpaka sinagogi si mbali, lakini wageni walikuwa wamejaa njiani. Mmoja akambusu mkono. Mwingine akaleta mtoto mwenye kikohozi. Mwanamke akapiga magoti kwenye theluji akashika pindo la koti. Hinda aliwasukuma, akawaambia, "Tupisheni, tupisheni jamani," nao wakazidi kumsonga, kwa sababu Rabi aliyetoka nje siku ya kawaida ni baraka ambayo mtu haiachi impite. Rabi aliweka mkono juu ya kila kichwa. Kila alipoweka mkono, Hinda alihisi ule mwingine, aliokuwa ameushika, unalegea. Walipofika ngazini, Rabi akauliza kwa upole, "Hapa ni wapi?"

Ndani, hakimu wa mji, Noson, alikuwa mezani na mwandishi wake na mashahidi wawili. Noson hakuwa mfuasi. Aliwaita wafuasi wa Zelig wacheza ngoma, na talaka hii aliona ni upuuzi, lakini mwanamume akitaka talaka, kazi ya hakimu ni kuangalia hati imeandikwa sawasawa. Hati ilikuwa tayari, wino umekauka. Fishel alisimama mbele ya meza, macho yamevimba. Trana alisimama karibu na ukuta. Alikuwa amepewa kiti akakataa.

"Unatoa hati hii kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?" Noson akauliza. Swali hilo sharti liulizwe, na sharti lijibiwe.

"Rabi amesema," akasema Fishel.

"Sikukuuliza Rabi amesema nini. Nakuuliza wewe, gogo wewe. Kwa hiari yako?"

Fishel akafungua mdomo. Hapo mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na Kopel aliyekuwa benchi la mbele akaruka juu.

"Rabi amekuja mwenyewe! Amekuja kuthibitisha!"

Wote wakasimama, hata mashahidi. Rabi akatembea katikati yao, ameshikwa mkono na mkewe. Alipomwona Fishel, uso wake ukakunjamana kwa hasira.

"Anshel! Bado hujampa?"

Ukumbi mzima ukaguna.

"Nampa, Rabi," akasema Fishel. "Kwa hiari yangu. Nampa sasa." Akanyoosha mkono kuchukua hati.

"Fishel, ngoja," akasema Hinda.

Wanawake hawasemi mahali pale. Labda ndiyo sababu Fishel alisimama.

"Mume wangu ni mgonjwa. Amepotewa na kumbukumbu, mwaka wa pili sasa. Hakuona roho ya mtu ndani yako. Anshel alikuwa mwenye kilabu Horodok, alimvunja mkewe mkono, na Rabi alimwamuru amwache. Ni mambo ya ujana wetu. Wewe hukumvunja mtu mkono."

"Mama anajaribiwa," Kopel akasema haraka, akiwageukia watu. "Mbele ya kila jambo kubwa huja jaribu. Msimhukumu."

Hinda alimwona Noson. Hakimu alikuwa amekaa tena kitini, na pembe za mdomo wake zilikuwa zinapanda. Hinda alijua maana yake. Kabla ya Sabato kuingia, mtu atakuwa njiani kuelekea Radovka. Bado angeweza kunyamaza. Angemshika mzee akamrudisha nyumbani, na kila mtu angesema ni jaribu, na Mirl angeolewa.

Akamgeukia mumewe. "Zelig," akasema. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo mbele ya wanaume. "Mimi ni nani?"

Rabi akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyetaka kumuudhi. Kisha uso wake ukalainika.

"Wewe ni mke wa Anshel," akasema. "Mkono umepona, binti?"

Kisha Kopel akavuta hewa. "Mnasikia? Hapa pana siri kubwa. Mke wa Anshel maana yake ni..."

"Kopel," akasema Fishel, "funga mdomo."

Akaja akasimama mbele ya Rabi. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, kama anavyokunja chuma cha gurudumu, akipasha moto na kusubiri. Alimtazama Rabi, akamtazama Hinda, akarudi kwa Rabi.

"Hamjui mkewe," akasema. Alilisema kama mtu anayesoma neno gumu. "Hajui mkewe ni nani."

"Fishel fundi," Noson akasema kutoka mezani, "nauliza tena, kwa sababu wino na siku yangu vinapotea. Kwa hiari yako?"

"Hapana."

Noson akaichukua hati akaipasua mara mbili. Mwandishi akanung'unika juu ya kazi yake. Trana akatoka ukutani, akamshika mumewe mkono wa koti kama mtu anayeshika farasi aliyefungua kamba.

"Twende nyumbani," akasema. "Soksi zako zimeroweka tangu Jumatatu."

Mambo yaliyofuata yalikwenda kama ilivyotarajiwa. Noson hakungoja hata jua lishuke, akatuma mtu Radovka. Wiki ile magari yalianza kuondoka Zalishka, na yaliyokuwa njiani yakageuza. Wafuasi wachache walibaki, wakasema Rabi alijifanya hamjui mkewe ili kumwokoa Fishel na dhambi, na kwamba kujidhalilisha namna hiyo hakuna aliyewahi. Hao waliendelea kuja Sabato, nao walikula kidogo. Kopel alikaa nao kwa muda. Hinda alimkuta siku moja amekaa peke yake ukumbini, mabenchi yamepangwa, hana wa kumweleza kitu. Kabla ya Pasaka alimbusu Rabi mkono, akaenda Berezna, kwa rabi mwingine aliyekuwa bado na nguvu.

Radovka walimtuma mtu mwenye ndevu nzuri na maneno mazuri zaidi. Hakutaja ugonjwa. Alisema kijana ameamua kuendelea na masomo. Mirl alimsikiliza, akamkaribisha chai, akamsindikiza mlangoni. Hakulia, na kwa mama yake hakusema neno mpaka miti ilipotoa majani. Lakini baba yake alipoanza kujikojolea kitandani na shuka za nyumba zikawa hazitoshi, Mirl alifungua sanduku lake, akatoa zile zenye herufi nyekundu, akamtandikia. Hinda aliona akapita.

Baada ya Pasaka barabara ilipokauka, gari la Fishel lilisimama mbele ya geti. Limejaa vyombo, magodoro juu, na juu ya magodoro Trana. Walikuwa wanahamia Berezna kwa shemeji. Trana akateremka, akamkumbatia Hinda kwa nguvu, akampa chungu cha mafuta ya bata bukini. Hakusema kitu kwa mara ya kwanza tangu Hinda amjue. Akapanda tena.

Fishel hakuteremka. Alishika hatamu, akiangalia masikio ya farasi.

"Hushuki kumuaga Rabi?" Hinda akauliza.

"Atanijua?"

"Hapana."

"Basi nitamuaga nani?" Akazungusha hatamu mkononi. "Mama, sijakukasirikia wewe. Nakuambia ujue. Lakini ningetoa ile hati, leo nisingekuwa na mke, ila ningejua kwa nini. Nilikuwa na mtu wa kuuliza. Hata farasi huyu nilimnunua kwa neno lake. Sasa nakwenda Berezna, na sijui kama nakwenda vizuri au vibaya. Nimuulize nani?"

"Kopel yuko huko huko. Anaye rabi mpya."

"Kopel!" akasema Fishel, akatema mate kando ya gurudumu.

"Basi muulize Trana."

Alifikiri ni mzaha. Alipoona si mzaha, akakunja uso. "Trana hajui kusoma."

"Hajui, ndiyo."

Fishel akatikisa kichwa, akapiga ulimi, gari likaondoka. Mbele ya nyumba ya mwisho kulikuwa na dimbwi la theluji iliyoyeyuka, limeziba njia nzima. Fishel akasimamisha farasi, akakaa akilitazama. Hinda alimwona Trana akiinama kutoka juu ya magodoro na kumwambia kitu, akionyesha kwa kidole upande wa uzio. Fishel akangoja kidogo. Kisha akavuta hatamu, akapita upande wa uzio.

Hinda akachukua chungu chake, akaingia ndani.